Siku Moja Kalenga: Tathmini ya Huduma ya Matembezi ya Historia Mkoani Iringa

Mwezi uliopita tulisafiri watu wanne kutoka Mbeya: mimi, mke wangu, binti yetu aliye kidato cha tatu, na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Ifunda, aliyezaliwa mwaka 1954. Tulilala Iringa mjini, na asubuhi yake tukachukua huduma ya matembezi ya siku nzima inayoendeshwa na kikundi cha vijana wenye gari moja na waongozaji wawili. Jina la kikundi hicho sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko mawili ambayo nimekwisha kuwafikishia wenyewe, nao wameyapokea kwa uungwana. Tulilipa shilingi 220,000 kwa watu wanne, ndani yake mkiwa na gari, mafuta, mwongozaji na chakula cha mchana. Viingilio vya sehemu tulizotembelea tulilipa wenyewe mlangoni, jambo ambalo tulikuwa tumeelezwa mapema.

Niseme mapema kwamba fedha ile ilistahili, na sababu yake ni moja. Niliwahi kufika Kalenga mwaka 2009 nikiwa mwalimu mgeni kazini, pamoja na wanafunzi waliojaa basi zima. Tuliingia moja kwa moja ndani ya makumbusho, tukapanga foleni mbele ya kabati la kioo lenye fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, tukasaini kitabu cha wageni, tukaondoka. Mimi ninafundisha jiografia, lakini siku ile sikumwonyesha mwanafunzi hata mmoja mto ulio karibu na pale, wala kilima kinachoitazama Kalenga kwa juu, na wanafunzi wale walirudi Mbeya wakikumbuka fuvu peke yake. Safari hii mwongozaji alitunyima kwanza makumbusho. Alitutembeza nje kwa muda wa saa moja na nusu, na tulipoingia ndani kila kitu kilichokuwa kwenye kabati kilikuwa na mahali pake katika vichwa vyetu.

Kalenga ni kijiji kilicho umbali wa kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, upande wa magharibi, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Watalii wengi hupita pale mbio kwa sababu macho yao yako kwa tembo na simba walio mbele, na ukiwa ndani ya gari huoni ishara kubwa ya kukuambia kwamba hapa palikuwa makao makuu ya dola. Unaona nyumba za matofali, mashamba ya mahindi, mbuzi, na watoto waliovaa sare za shule. Dereva alisimamisha gari kabla ya kufika makumbusho, tukashuka kwa miguu hadi ukingoni mwa Mto Ruaha Mdogo. Mwongozaji alimfungulia mama mkwe kigoda alichokibeba begani, akamwamkia kwa Kihehe, “Kamwene, Bibi,” akasubiri ajibiwe na akae sawasawa ndipo akaanza kusema.

Hakuanza na Mkwawa. Alianza na maji. Aliokota kijiti akachora mchangani mstari unaoshuka kutoka nyanda za juu za Mufindi, ukapita chini ya mji wa Iringa, ukapinda hapo tulipokuwa tumesimama, kisha ukaelekea kaskazini kuungana na Ruaha Mkuu. Alimwuliza binti yangu maji hayo yanaishia wapi. Binti alisema baharini, ambalo ni jibu sahihi lakini limeruka mambo mengi, na kijana yule akamrudisha taratibu hatua kwa hatua: Bwawa la Mtera, mitambo ya Kidatu, Mto Rufiji, ndipo bahari. Taa tunazowasha Mbeya usiku, alisema, zina sehemu ya maji haya. Nimefundisha mfumo wa Rufiji kwa miaka mingi ubaoni, lakini sijawahi kuona mwanafunzi akiushika haraka namna ile, naye ameinama juu ya mstari wa mchangani huku mto wenyewe ukipita mita chache kutoka miguuni pake.

Kutoka kwenye maji akaingia kwenye watu. Bonde lile lina udongo wa kulima na malisho ya ng'ombe hata wakati wa kiangazi, vilima vinavyolizunguka vinampa mlinzi nafasi ya kuona mbali, na njia za misafara ya pembe za ndovu kati ya pwani na bara hazikuwa mbali. Munyigumba, baba yake Mkwawa, alikuwa amekwisha kuziunganisha koo nyingi za Wahehe chini ya utawala mmoja kabla hajafariki karibu na mwaka 1879, na mwanawe, baada ya mivutano ya kugombea kiti, akairithi dola iliyokuwa ikipanuka. Kalenga ilijengwa kuwa ngome, na kwa Kihehe ngome ni lilinga. Hapo ndipo linapotoka jina Iringa. Wajerumani, waliokuwa wakiandika jina la mahali hapa Kuirenga, walianzisha kituo chao kipya juu ya uwanda wa mwinuko mwaka 1896, wakakipa jina lilelile la ngome waliyoivunja. Kwa hiyo mji tuliolala usiku uliotangulia, wenye soko, hospitali na stendi, umechukua jina la kijiji hiki ambacho wasafiri wengi hukipita bila kushuka. Mama mkwe alitikisa kichwa akasema kwamba maisha yake yote amekuwa akitaja Iringa bila kusikia lilinga ndani yake, ingawa maneno yote mawili anayajua.

Sehemu ya vita aliieleza kwa mpangilio ambao ningependa walimu wenzangu wausikie. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, kando ya barabara ambayo leo inakwenda Dar es Salaam, mashujaa wa Kihehe waliuvamia msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, aliyejulikana kwa jina la Nyundo. Zelewski aliuawa, pamoja na Wajerumani wengine na askari zaidi ya 200. Wanafunzi wengi huishia hapo, kwenye ushindi, na vitabu vya shule huruka haraka hadi kifo cha Mkwawa. Kijana huyu alikaa kwenye miaka mitatu ya katikati, kwa sababu ndiyo miaka ya kuimarisha ukuta. Mkwawa alijua kwamba Wajerumani wangerudi. Ukuta wa mawe na udongo uliozunguka ngome, ambayo ilijulikana pia kwa jina la Lipuli lililobaki hadi leo katika timu ya mpira wa miguu ya Iringa, ulikuwa jibu la mtu aliyekwisha kuonja nguvu ya bunduki za kisasa, na mto ulikuwa sehemu ya ulinzi huo.

Hapo akatugeuza tuutazame upande wa pili, juu, kwenye kilima cha Tosamaganga. Jina hilo kwa Kihehe ni kutupa mawe, na husimuliwa kwamba watu wa Kalenga walilitoa walipoona mizinga ya Wajerumani ikirusha vitu kutoka mlimani kuja bondeni, wakavifananisha na mawe. Ngome iliyokuwa na maji pembeni na ukuta pande zote haikuwa na la kufanya juu ya silaha inayopiga kutoka juu. Kikosi kilichoongozwa na Gavana Friedrich von Schele kiliingia Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, Tom von Prince akiwa miongoni mwa waliouparamia ukuta, na ndani yake walikuta akiba ya baruti na pembe za ndovu. Mkwawa hakupatikana. Alipigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne iliyofuata, akilishwa na kufichwa na watu wake. Wajerumani walimtawaza ndugu yake, Mpangile, mwishoni mwa mwaka 1896, kisha wakamnyonga miezi miwili baadaye wakimshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi kuliko kukamatwa.

Nilimtazama binti yangu wakati maneno hayo yakisemwa. Alikuwa akipima kwa macho umbali wa kutoka kilimani hadi mtoni, na nilipomwuliza anafikiri nini alisema kwamba kama angekuwa yeye angejenga ukuta juu ya kilima kile. Mwongozaji hakumkatalia. Alimwuliza angeteka wapi maji ya watu na ng'ombe wote wa ngome. Walibishana hivyo njia nzima tulipokuwa tukipandisha kijijini, na mimi nikaona kwamba hilo peke yake linatosha kulipia sehemu kubwa ya zile shilingi 220,000.

Mabaki ya ukuta yanayoonekana leo ni machache, na mtu asiye na mwenyeji atayapita akidhani ni tuta la shamba. Tulionyeshwa kipande kifupi kilichozingirwa na majani, mawe yasiyochongwa yaliyoshikana kwa udongo uliogeuka mgumu kama tofali la kuchomwa, kando yake mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Mwongozaji alimwambia binti aweke kiganja chake juu ya udongo ule, asiubanduebandue, auguse tu. Ulikuwa na vipande vidogo vya majani makavu ndani yake, vilivyochanganywa na mikono ya watu, na kwenye ufa mmoja mdudu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo juu ya ile ya zamani. Hapana uzio wala kibao cha maelezo mahali tulipoonyeshwa. Ninaamini kwa dhati kwamba kipande kama hicho kinahitaji kulindwa kabla jembe halijakimaliza, na mwenye shamba anahitaji kushirikishwa na kufaidika katika ulinzi huo.

Ndipo tukaingia makumbusho. Jengo ni dogo, na vitu vyenyewe si vingi: mikuki, ngao, rungu, bunduki, picha za watawala wa ukoo, na fuvu ndani ya kioo. Lakini baada ya saa moja na nusu ya nje, udogo wa jengo haukutusumbua. Kijana alitusimulia safari ya fuvu hilo bila kuipamba. Kichwa cha Mkwawa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliweka katika kifungu cha 246 sharti la kurudishwa kwake ndani ya miezi sita, jambo ambalo halikutimizwa kwa zaidi ya miaka 30. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuatilia hadi kwenye makumbusho ya Bremen, ambako fuvu lilichaguliwa miongoni mwa mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Mwongozaji alituambia wazi kwamba kwa sababu ya njia hiyo wako wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe, na akaongeza kwamba kwa Wahehe waliokusanyika Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kulipokea, jambo kubwa lilikuwa kwamba limerudi. Aliyelipokea alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa vipindi virefu.

Mwaka huo wa 1954 ndio aliozaliwa mama mkwe. Alisimama mbele ya kioo kwa muda, mkono mmoja juu ya fimbo na mwingine juu ya bega la mjukuu wake, kisha akasema kwamba marehemu baba yake alitembea kwa miguu kutoka Ifunda kuja kushuhudia siku ile, na kwamba nyumbani kwao umri wake ulihesabiwa kwa tukio hilo: “mtoto wa mwaka wa kichwa.” Mimi nimekuwa mkwewe kwa miaka 17 na sikuwahi kulisikia neno hilo. Mwongozaji alifanya jambo ambalo waongozaji wengi niliokutana nao hawalijui: alinyamaza. Alirudi nyuma hatua mbili, akasubiri, na baadaye akamwomba kwa heshima, “Bibi, kama hutachoka, baba yako alisema waliona nini?” Dakika 20 zilizofuata mama ndiye aliyekuwa mwongozaji wetu, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kihehe. Aliwataja wazee waliokwenda na baba yake, chakula walichobeba, na namna baba alivyorudi nyumbani akakataa kusema kwa siku nzima. Kijana aliandika mambo kadhaa kwenye daftari lake baada ya kuomba ruhusa.

Chakula cha mchana kilikuwa Tosamaganga, kwenye misheni ya Wakatoliki ya tangu mwaka 1897, inayojulikana pia kwa hospitali na shule zake. Wali, maharage, mboga za majani na kuku wa kienyeji, vyote vimepikwa vizuri, na sina zaidi la kusema juu yake. Kilichonifurahisha ni kwamba kituo hicho hakikuchaguliwa kwa sababu ya chakula. Kutoka mwinuko ule mwongozaji alituonyesha bonde tulilotoka, sasa tukilitazama kama walivyolitazama wenye mizinga, na mchoro wote wa mchangani ukawa mbele yetu kwa ukubwa wake halisi: mpindo wa mto, mstari wa miti ukingoni, mabati ya nyumba za kijiji. Binti alikubali kwamba juu ya kilima hapana maji.

Sasa nije kwenye malalamiko. La kwanza ni mpangilio wa saa. Tulifikishwa Isimila saa nane mchana, jua likiwa kali, na bonde lile la nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko halina kivuli cha maana hadi ushuke chini kabisa. Mama mkwe alilazimika kubaki juu. Isimila ni mahali pa heshima kubwa duniani: zana za mawe zilizopatikana pale zinakadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi, ziligunduliwa mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa wa kisayansi ulifanyika mwaka 1957 na 1958, ukitoa pia mifupa ya aina ya kiboko ambayo leo haipo tena. Niliruhusiwa kushika shoka moja la mkono. Upande mmoja ulijaa kiganjani kana kwamba umepimwa kwa mkono wangu, upande wa pili umechongwa pande zote mbili hadi ncha, na uzito wake wote uko kwenye kitako ili pigo liwe na nguvu. Mwongozaji alisimamia hadi nikalirudisha palepale lilipokuwa limelala. Kitu kama hicho hakifai kutazamwa na watu waliochoka, wenye kiu, wanaotafuta kivuli. Isimila ingefaa kuwa ya kwanza asubuhi, hasa kwa wageni wanaotoka Mbeya, kwa kuwa iko kilomita 20 hivi kabla ya kufika Iringa mjini, kando ya barabara kuu hiyohiyo wanayojia.

La pili ni zito zaidi. Karatasi tuliyopewa wakati wa kulipa iliitaja Mlambalasi, mahali alipofia Mkwawa, kuwa kituo cha mwisho. Saa kumi kasoro mwongozaji alitueleza kwamba muda hautoshi na barabara ya kwenda kule ni ndefu. Alisema kweli, na kwa hali ya mama nisingekubali twende gizani. Lakini ukweli huo ulijulikana tangu asubuhi, na haifai kumwandikia mgeni kitu ambacho mwenye huduma anajua kwamba kwa kawaida hakifikiwi. Hadithi iliyoanzia kwenye ukuta ilihitaji kuishia pale kwenye mwamba, ambako licha ya kaburi la Mkwawa kuna pango ambalo wanaakiolojia wamepata mabaki ya watu wa Zama za Mawe. Tulimaliza siku tukiwa tumekatishwa katikati ya sentensi. Nilipozungumza na kiongozi wa kikundi jioni ile alikiri kosa, akakubali kuiondoa Mlambalasi kwenye karatasi ya siku moja na kuifanya safari ya peke yake, na sisi akatupunguzia nusu ya gharama ya kwenda huko.

Kwa anayefikiria kuchukua huduma ya namna hii, achague miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati njia za bondeni ni kavu, ingawa asubuhi za Juni na Julai Iringa zina baridi inayohitaji sweta nzito. Avae viatu vya kufunga. Akiwa na mzee wa Kihehe nyumbani, amchukue, hata kama hatembei sana, na amwombe mwongozaji abebe kigoda. Anayetaka maelezo zaidi ya utamaduni wa mkoa mzima anaweza kuanzia kwenye makumbusho ya Iringa Boma mjini, yaliyofunguliwa mwaka 2016 ndani ya jengo la enzi za Wajerumani, lakini asiyafanye kuwa badala ya kusimama ukingoni mwa Ruaha Mdogo.

Sisi tumekwisha kulipa kianzio cha Mlambalasi kwa Julai ijayo, likizo ya katikati ya mwaka. Mama mkwe amemwagiza kijana yule alete daftari lake, kwa sababu amekumbuka majina ya wazee wengine wawili waliotembea na baba yake kutoka Ifunda.